Tafuteni Wasikilizaji Kabla ya Kabati: Mbinu za Kuendesha Kikundi cha Kusoma cha Watoto

Watu wengi wenye moyo wa kusaidia elimu huanza na harambee ya vitabu. Maboksi yanakusanywa, kabati linachongwa, mgeni rasmi anakata utepe. Miezi michache baadaye ufunguo uko kwa mtu mmoja, vitabu vimeshika vumbi, na mtoto wa darasa la nne aliyekuwa akishindwa kusoma sentensi moja bado anashindwa. Kilichokosekana pale ni mtu wa kukaa naye, kumsikiliza akisoma kwa sauti, na kumsaidia anapokwama. Mtoto ambaye wazazi wake wamesoma na wana nafasi humpata mtu huyo nyumbani. Mtoto wa darasa lililofurika, ambaye mama yake hurudi shambani au sokoni giza limeshaingia, huenda asimpate popote. Kikundi kinachotaka kuwasaidia watoto hawa kianzie hapo: kiwatafutie wasikilizaji, na vitabu vifuate.

Pigeni hodi kwa wenyeji

Kabla ya kushona fulana au kufungua akaunti ya benki, nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, kwa mtendaji, kisha kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu. Mwambieni mwalimu mkuu waziwazi kwamba hamkuja kumkagua, wala kufungua tuisheni ya kushindana na walimu wake. Tangu mtaala wa Tanzania wa darasa la kwanza na la pili ulipobadilishwa mwaka 2015, mkazo umekuwa kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Ninyi mnaongeza muda wa mazoezi, ambao mwalimu mwenye darasa kubwa hana. Afisa maendeleo ya jamii atawaeleza utaratibu wa kusajili kikundi katika halmashauri yenu.

Jengo si lazima. Darasa lililo tupu baada ya vipindi, ukumbi wa kanisa, madrasa au majamvi chini ya mwembe vinatosha. Jambo la kufikiria kwa makini ni saa ya kukutana. Waulizeni watoto wenyewe, hasa wasichana. Mkiweka kipindi jioni, wakati wa kuteka maji na kuwasha moto, wasichana hawatafika. Waulizeni pia wazazi kuhusu msimu wa kilimo, ili ratiba isivunjike palizi ikianza.

Mpimeni kila mtoto peke yake

Darasa analokaa mtoto halionyeshi anaweza kusoma nini. Tathmini za mpango uitwao Uwezo, zilizopita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda, zilikuta watoto wengi wa madarasa ya juu ambao hawakumudu hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Kipimo chenyewe ni chepesi, na kikundi chochote kinaweza kutengeneza cha kwake.

Andikeni karatasi moja kwa herufi kubwa zinazosomeka vizuri, yenye ngazi nne: silabi kama kumi, maneno kumi mafupi, aya ya sentensi tatu au nne, na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mketishe mtoto kando, mbali na wenzake, umsalimie, mzungumze kidogo, kisha umpe aya. Akiisoma, mpe hadithi. Akishindwa, shukeni kwenye maneno, halafu silabi. Andika jina lake na ngazi aliyofikia kwenye kaunta buku, pamoja na tarehe.

Zingatieni mambo matatu. Kwanza, maandishi yawe mapya. Wapo watoto waliokariri kitabu cha darasani ukurasa kwa ukurasa. Wanaangalia picha na kuimba sentensi, na ukiwaanzishia katikati ya mstari wanakwama. Pili, anayemaliza hadithi aulizwe maswali mawili kuhusu alichosoma, kwa sababu kutamka bila kuelewa bado hakujawa kusoma. Tatu, mtazameni anavyosoma. Anayesogeza karatasi karibu na pua, au anayegeuza sikio kila unapomsemesha, apelekwe kituo cha afya akapimwe macho au masikio. Mtoto wa namna hiyo huitwa mzito kwa miaka mingi, kumbe haoni ubao.

Pangeni kwa uwezo, si kwa darasa

Shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai, India, mwaka 1995, limeeneza njia ya kuwaweka watoto katika makundi kulingana na wanachoweza kusoma, bila kujali umri. Njia hiyo imetumika katika nchi kadhaa za Afrika, nanyi mnaweza kuifuata. Kundi la silabi, kundi la maneno, kundi la aya, kundi la hadithi. Makundi msiyaite "la chini" na "la juu". Yapeni majina ya wanyama au miti. Mtoto wa darasa la tano aliye kwenye silabi asiketi na wadogo mbele ya wenzake wakamcheka. Mpeni msikilizaji wake mwenyewe mpaka avuke, na mara nyingi mkubwa huvuka haraka.

Saa moja iliyopangwa

Dakika 10 za mwanzo, mtu mzima awasomee wote hadithi kwa sauti na kwa mbwembwe, akibadilisha sauti ya fisi na ya sungura. Watoto waone kitabu kikimpa mtu furaha. Akiwa na watoto wanaozungumza Kisukuma, Kigogo au Kimaasai nyumbani, aeleze kwanza maneno magumu kwa lugha hiyo. Mtoto hawezi kusoma vizuri neno ambalo hajawahi kulisikia.

Dakika 20 zinazofuata ni za makundi. Kundi la silabi lipewe kadi zilizokatwa kutoka kwenye maboksi ya biskuti. Kadi nne tu, *ba*, *ka*, *ma* na *ta*, zikiwa na nakala za kutosha, hutoa baba, kaka, mama, kata, taka, bata, kamata na tabaka. Mtoto akigundua mwenyewe kwamba silabi zilezile huzaa maneno mapya, ameshika siri ya kusoma Kiswahili, kwa sababu lugha yetu huandikwa karibu kama inavyotamkwa. Baada ya hapo leteni zinazosumbua: *mb*, *nd*, *nj*, *ny*, *mw*, *kw*. Rudieni sana tofauti ya *ng* ya ngoma na *ng'* ya ng'ombe, na ya *l* na *r*, kwa jozi kama kalamu na karamu.

Dakika 20 nyingine ndizo kiini cha kazi yote: kila mtoto asome kwa sauti mbele ya mtu anayemsikiliza. Akikwama, msikilizaji akae kimya kidogo. Mpe nafasi ya kujaribu. Akishindwa kabisa, ligawe neno kwa silabi, aunganishe mwenyewe, kisha arudie sentensi nzima tangu mwanzo ili maana isipotee. Kila kosa lisisahihishwe palepale. Lile lisiloharibu maana linaweza kusubiri. Kucheka na kupiga ni marufuku, na kanuni hiyo isomwe kwa sauti siku ya kwanza mbele ya watoto na wazazi.

Dakika 10 za mwisho mtoto aandike sentensi moja yake mwenyewe, kisha achague kitabu cha kuazima.

Vitabu vinavyosomeka

Mkipewa shehena ya vitabu kutoka ng'ambo, ulizeni swali moja: je, mtoto wetu anaweza kuvisoma kesho? Ensaiklopidia ya Kiingereza haimsaidii anayehangaika na neno "mwembe". Fedha za kusafirisha maboksi hayo hununua hadithi za Kiswahili hapahapa nchini. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 kwa lengo la kuwapatia watoto vitabu vya lugha yao, na wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E & D Vision Publishing wana vitabu vya watoto. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili zenye leseni huria. Mnaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa na kuzigawa bila malipo.

Tengenezeni pia vya kwenu. Mwombeni bibi au babu asimulie, mmoja aandike sentensi fupi, mtoto achore. Kunjeni karatasi katikati, shoneni kwa uzi mzito, wekeni jalada la manila. Kitabu chenye jina la kijiji chao hugombaniwa.

Vitabu vitoke nje ya kabati. Mwaka 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa nchini Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa hadi kwa jamii za wafugaji. Kwenu, sanduku moja juu ya baiskeli linaweza kuzunguka vitongojini. Kila kitabu kiwe na namba, na daftari la kuazima lishikwe na watoto wawili wakubwa kwa zamu. Msitoze faini kwa kilichochanika. Mtoto aliyetozwa hatarudi, na mama yake atamkataza kuazima tena. Wekeni gundi na uzi, mfundishane kukishona.

Wasikilizaji na usalama wa watoto

Msikilizaji hahitaji cheti cha ualimu. Vijana wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne, walimu wastaafu, mafundi cherehani wenye nafasi jioni, wote wanafaa, mradi wasome vizuri na wawe na subira. Wapeni mafunzo ya siku mbili na nauli. Msiwaahidi mshahara msioweza kuulipa.

Kwa upande wa ulinzi, msilegeze. Kila anayejitolea adhaminiwe na watu wawili wanaomfahamu. Mtu mzima asikae na mtoto mahali pa faragha, wala asimpeleke nyumbani kwake. Picha za watoto zipigwe kwa ridhaa ya mzazi, na zisiwe za kuwadhalilisha ili kuwalainisha wafadhili. Watoto wajue jina la mtu wa kumwendea likitokea jambo baya.

Wazazi wasiosoma nao wana kazi

Mama asiyejua kusoma anaweza kumwambia mwanawe, "Nisomee," akakaa akimsikiliza huku anachambua mchicha, kisha akamuuliza, "Ikawaje?" Anaweza kumtegea vitendawili na kumsimulia ngano, na hapo mtoto anapata msamiati utakaomfaa kitabuni. Waiteni wazazi kila muhula, watoto wawasomee wao badala ya kuwasomea wageni rasmi.

Fedha na matokeo

Fungu la kwanza liende kwenye hadithi, penseli, majamvi na nauli. Mapato na matumizi yabandikwe ukutani ofisi ya kijiji, wenyeji wayaone kabla ya wafadhili.

Kila baada ya miezi mitatu rudieni kipimo kilekile kwa maandishi mapya. Hesabuni watoto waliopanda ngazi, si vitabu vilivyopokelewa. Watoto wa kundi fulani wakikaa palepale, badilisheni mbinu au msikilizaji kabla ya kuomba fedha zaidi. Waliofika ngazi ya hadithi wapeni wadogo wa kuwasikiliza. Anayefundisha hujifunza mara ya pili, na kikundi kinapata wasikilizaji wa mtaa uleule, watakaoendelea hata mfadhili akiondoka.

Msisubiri ahadi ya mfadhili. Wiki hii mkiwa na watu wazima watano, hadithi kumi za kuchapa, kaunta buku na ruhusa ya mwalimu mkuu, mnaweza kuanza na watoto ishirini. Waahidini siku na saa, na msiikose.