VOLANI INACHEZA: TUTAFUTE KWANZA, TUKAZE NYUMA



Wengi wenu mliniuliza kwa nini motokari ya masomo, ile Land Cruiser 79 ya kubeba chakula na wagonjwa, ilisimama majuma mawili chini ya mti wa avoka. Mimi kapita wenu nilikuwa ndani ya ile safari, tena nilisaidia kuitengeneza. Basi naandika hili somo ili kila mtu ajue, hata yule asiyefikiri siku moja atakuwa fundi.

1. Mambo yaliyotokea

Mnakumbuka ile motokari iliinuliwa. Njia yetu ina mashimo marefu, na tumbo la motokari lilikuwa linagonga udongo. Garaji moja ya mjini iliinua resori kwa milimita 50. Kutoka siku ile volani ikaanza kucheza. Papa shofere alirudi kule kulalamika. Wakamjibu: « Motokari ikiwa juu, volani inacheza, ndiyo kawaida yake. » Wakakaza visi moja juu ya buatie ya direksio, wakasema imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Siku ya kuleta unga, nilikaa mbele na Papa shofere, wanafunzi 11 nyuma juu ya mifuko. Kwenye kila shimo nilisikia chini yetu: ko! ko! Nilinyamaza. Nilifikiri mambo ya motokari si kazi ya kapita. Kwenye mtelemko wa daraja, pine la mbele likaingia ndani ya shimo, motokari ikavutika upande wa mto. Papa alizungusha volani, lakini pine hazikufuata mara moja. Tulisimama pine moja ikiwa kwenye ukingo kabisa. Hakuna aliyeumia. Lakini ule usiku sikulala, sababu ile ko-ko niliisikia saa nzima mbele ya daraja.

2. Direksio inafanya kazi namna gani

Mkono unazungusha volani. Volani inazungusha mti wa chuma mpaka kwenye buatie. Buatie inasukuma mkono mfupi wa chuma. Ule mkono unasukuma bare ndefu mpaka kwenye pine moja, na bare ya pili inaunganisha pine mbili ili zigeuke pamoja. Fasi zote za kuungana ziko na rotile, ni kusema kichwa cha mviringo ndani ya kikombe.

Kuna bare ingine ambayo watu wengi wanaisahau, inaitwa bare ya panhard. Upande mmoja imefungwa kwenye shasi, upande mwingine kwenye ponti ya mbele, na kazi yake ni kukataza ponti isitembee kushoto na kuume. Land Cruiser ya namna yetu iko nayo tangu mwaka 1999, wakati Toyota ilipoweka mbele resori za kuzunguka mahali pa lame. Zile za zamani za lame hazina hii bare, maana lame zenyewe zinashika ponti.

Ulegevu (mafundi wanasema: direksio iko na zhe) unaweza kutoka fasi yoyote ya hizi. Ndiyo sababu mtu anayekaza visi ya buatie mbele ya kutafuta ni sawa mganga anayetoa dawa bila kumgusa mgonjwa.

3. Kutafuta: watu wawili na krike moja

Kwanza, upepo wa pine na ekru za pine. Pine laini peke yake inaweza kudanganya.

Pili, pine zote zikae chini, motere iwake, kambio ikae huru, freni ya mkono ivutwe, mawe yawekwe mbele na nyuma ya pine. Mmoja anatikisa volani kidogo kidogo kushoto na kuume. Mwenzake analala chini na kufuata njia ya nguvu, kutoka volani mpaka pine. Aweke kidole juu ya kila rotile, maana kidole kinasikia kitu ambacho jicho halioni. Aangalie vidole visiingie katikati ya vyuma.

- Mti unaingia ukizunguka lakini mkono mfupi hausogei: ugonjwa uko ndani ya buatie.
- Buatie yote inatembea juu ya shasi: bulo zimelegea ao shasi imepasuka.
- Bare moja inatangulia na ya pili inachelewa: rotile imekufa.
- Ponti inasogea kando chini ya motokari: ni bare ya panhard.

Tatu, inua ponti na krike, weka miti ya nguvu chini yake. Usitegemee krike peke yake. Shika pine juu na chini, uitikise. Ikicheza, mwenzako akanyage freni. Kama ulegevu umepotea, ni rulma za pine. Kama umebaki, ni rulma za pivo, pale pine inapogeukia. Kisha shika pine kushoto na kuume: pale unapima rotile za bare.

4. Kuinua kunageuza pembe

Hapa ndipo jibu la ile garaji lilikosa. Hata kama hakuna kitu kilicholegea, motokari iliyoinuliwa inaweza kutangatanga njiani. Angalia kinga (velo). Uma wake wa mbele umeegama nyuma kidogo, na ndiyo maana kinga ikitembea inapenda kwenda sawa. Pivo za motokari nazo zimeegama nyuma, digrii chache tu, na hizo digrii ndizo zinazorudisha volani katikati baada ya kona.

Ponti imeshikwa na mikono miwili ya chuma inayokwenda nyuma mpaka kwenye shasi. Tuseme mkono una urefu wa metre 1. Ukiinua shasi milimita 50, mkono unageuka na ponti inageuka pamoja nao. Sinus ni 50/1000, ni kusema 0,05: hiyo ni karibu digrii 3. Pivo zinasimama wima, volani inakuwa nyepesi na haipendi kurudi. Hakuna visi ya buatie inayoweza kurudisha hizo digrii. Wala kuweka amortisere kubwa ya direksio hakuponyi. Kunaficha mtikisiko tu.

5. Tuliyoyakuta

Fundi mmoja jirani alikubali kutufundisha akitengeneza. Ulegevu kwenye duara la volani ulikuwa sentimita 9. Tulikuta makosa manne. Mipira ya bare ya panhard ilikuwa imepasuka: waliinua motokari bila kulegeza bulo zake, mpira ukabaki umesokotwa. Tundu la bulo lilikuwa limekuwa kama yai. Ile ndiyo ko-ko niliyosikia. Rotile moja ilikufa. Na pembe ya pivo ilikuwa imepotea.

Fundi aliunganisha chuma kipya kwenye tundu, akaweka mipira mipya na rotile mpya. Kwenye mikono aliweka bushi zenye tundu lisilo katikati, ili pivo ziegame tena. Bulo za panhard alizikaza mwisho, motokari ikiwa imesimama juu ya pine zake. Alirekebisha urefu wa bare ndefu ili volani ikae sawa. Visi ya buatie alirudisha nyuma, maana ilikazwa kupita kiasi na volani ilikuwa inashikwa katikati. Sasa ulegevu ni sentimita 2, na volani inarudi yenyewe baada ya kona.

Wenzangu, nimejifunza mambo mawili. La kwanza: « ndiyo kawaida yake » si jibu, ni kuacha kutafuta. La pili ni langu mwenyewe. Ukisikia ko-ko, sema. Papa shofere aliniambia: « Mwanangu, mimi masikio yangu yako kwenye motere. Yako yalikuwa huru. »

Maswali ya kujifunza

1. Ukikanyaga freni na ulegevu wa pine unapotea, ugonjwa uko wapi?
2. Kwa nini bulo za panhard zinakazwa motokari ikiwa juu ya pine zake?
3. (Darasa la hesabu) Bare ya panhard ina urefu wa mm 1000. Upande wa ponti uko chini ya upande wa shasi kwa mm 100. Baada ya kuinua, kwa mm 150. Kwa njia ya Pitagora, ponti imevutwa kando mm ngapi? (Jibu: karibu 6.)

Kapita wenu, mwaka wa mwisho