Dondoo Muhimu: Mtoto Asiyeona na Mchezo wa Mpira
Mzazi aliyeruzukiwa mtoto asiyeona asimfungie ndani kwa haya wala kwa huruma iliyopita kiasi, kwani mchezo ni haki yake kama ilivyo haki ya nduguze. Mpira wenye njuga ndani, mfano wa ule utumiwao katika goliboli, mchezo uliobuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, humwezesha kuufuata kwa sikio. Na ukikosekana, mpira wa kawaida uliofungwa katika nailoni ichakarishayo watosha, ilimradi watazamaji wanyamaze (jambo zito kwa majirani zetu kuliko mchezo wenyewe). Mwalimu wa madrasa aombwe awafunze wenziwe mtoto huyo kumwita kwa jina kabla ya kumpasia, wala wasimwachie mabao kwa kumhurumia.