Mfupa umemkwama, au ni kichaa? Hatari zilizojificha katika michezo ya mbwa

Je, nyumbani kwenu mnafuga mbwa? Au yupo wa jirani, kila ukitoka shule anakufuata akitikisa mkia mpaka umrushie kijiti? Basi makala hii inakuhusu. Na kama wewe hupendi mbwa, usifunge gazeti. Huenda mdogo wako anawapenda.

Mbwa, hasa akiwa bado mdogo, hufanana na mtoto anayetambaa. Kila anachokiona anataka kukijua kwa mdomo. Meno yakiota fizi zinamwasha, naye hutafuna chochote kilicho karibu. Katika nyumba nyingi za kwetu hakuna anayemnunulia mbwa kitu cha kuchezea. Anachezea kilichotupwa uani: gunzi la mahindi, mfupa wa kuku, kandambili, soksi, kipande cha tairi, mpira wa matambara. Tunamwona anafurahi, tunacheka, tunamwacha. Lakini ndani ya furaha hiyo kuna hatari mbili: moja ni yake, ya pili ni yako.

HATARI YA MBWA

Tuanze na yake. Vitu hivi ndivyo vinavyoumiza mbwa mara nyingi:

Gunzi. Tumbo la mbwa haliwezi kulimeng'enya. Akimeza kipande kikubwa kinaweza kuziba utumbo. Atatapika, atakataa chakula, na bila upasuaji anaweza kufa.

Mfupa uliopikwa. Moto huukausha mfupa. Ukivunjwa hutoa ncha kali kama sindano, na ncha hizo huchoma koo au utumbo. Mifupa ya kuku ni mibaya zaidi.

Kamba, uzi na soksi. Uzi mrefu ukinasa sehemu moja, utumbo hujikunja juu yake na unaweza kukatika.

Mpira mdogo. Mpira unaoingia wote mdomoni unaweza kuteleza mpaka nyuma ya ulimi na kuziba njia ya hewa. Hapo ni suala la dakika chache tu.

Tairi la gari. Ndani yake mna nyaya za chuma. Raba ikishatafunwa, nyaya hutokeza na kuchana mdomo.

Betri ya redio au tochi. Ikitobolewa kwa meno hutoa kemikali inayounguza mdomo na koo.

Jiwe. Haliliki, lakini huvunja meno. Ipo kanuni rahisi: bonyeza kitu kwa ukucha wa kidole gumba. Kama ukucha hauachi alama hata kidogo, kitu hicho ni kigumu mno kwa meno ya mbwa.

HATARI YAKO WEWE

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tuseme leo jioni unamkuta mbwa wenu amesimama pembeni. Mdomo uko wazi, taya limelegea, mate yanamchuruzika. Anajaribu kumeza, hawezi. Akibweka, sauti imebadilika, imekuwa kama ya kukwaruza. Utawaza nini? Bila shaka utasema, "Maskini, mfupa umemkwama!" Kwa huruma yako utamshika kichwa, utamfungua mdomo na kuingiza vidole kuutafuta huo mfupa.

Simama hapo hapo! Hizo ni dalili za mbwa aliyekwamwa na kitu kooni, lakini pia ni dalili za kichaa cha mbwa.

Wengi wetu tunaamini mbwa mwenye kichaa ni lazima awe mkali, anakimbia ovyo na kung'ata kila kilicho mbele yake. Ndiyo, wapo wa namna hiyo. Ila ipo namna ya pili, ya kimya. Mbwa hupooza. Misuli ya taya na koo hulegea kwanza, kwa hiyo hawezi kufunga mdomo wala kumeza mate. Hang'ati mtu. Anaonekana mnyonge, anatia huruma. Na mate yale yanayomdondoka ndiyo yamebeba virusi.

Virusi hivyo huingia mwilini kupitia jeraha, hata mchubuko mdogo wa kwenye kidole, au mate yakirukia jichoni au mdomoni. Ngozi nzima isiyo na mchubuko haipitishi. Vikishaingia, vinasafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka mzima. Wakati huo wote unajisikia mzima kabisa. Dalili zikishaanza, kama kushindwa kunywa maji na kuweweseka, karibu kila mgonjwa hufa. Hakuna dawa ya kumrudisha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Kati ya kila watu 10 wanaokufa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa nini watoto? Kwa sababu ndio wanaocheza na mbwa, na ndio wanaoficha wakiumizwa.

UFANYE NINI?

Ukimkuta mbwa katika hali hiyo, usijaribu kupambanua mwenyewe kama ni mfupa au ni kichaa. Kwa macho tu huwezi kujua. Usimguse, usimpe maji kwa mkono. Ondoa watoto na wanyama wengine, mfungie uani kama inawezekana bila kumshika, kisha mwite mtu mzima na ofisa mifugo.

Na kama umeshang'atwa, umeparuzwa, au umeshatia mkono mdomoni mwake? Usiogope, ila usichelewe:

1. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Si dakika moja. Tazama saa. Kazi hii peke yake huondoa virusi vingi.

2. Paka spiriti au aidini kama ipo. Usipake majivu, pilipili, mafuta ya gari wala unga wa betri. Usifunge jeraha kwa kulikaza.

3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Si kila zahanati ina chanjo, kwa hiyo uliza mapema wapi inapatikana, hasa hospitali ya wilaya. Jeraha likiwa baya utachomwa pia sindano ya kinga kwenye jeraha lenyewe.

4. Maliza sindano zote kwa tarehe utakazopangiwa. Na zile hadithi za sindano nyingi za kuzunguka kitovu ni za zamani. Siku hizi chanjo huchomwa mkononi.

5. Mbwa akionekana mzima, asiuawe. Afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akiwa bado mzima siku ya kumi, hakukuambukiza siku ile. Lakini usisubiri siku hizo ziishe ndipo uende hospitali. Anza chanjo kwanza. Daktari ndiye atakayekuambia kama uendelee au usimame.

Chanjo hii si jambo jipya. Julai 6, 1885, huko Paris, Louis Pasteur alisimamia chanjo ya mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule alipona, akakua mpaka utu uzima.

"NITAGOMBEZWA!"

Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Uliambiwa usicheze na mbwa wa jirani, ukacheza, akakuparuza kidogo. Ukisema nyumbani utafokewa. Pengine unajua baba hana fedha, na sindano ni ghali. Kwa hiyo unavaa shati la mikono mirefu, unanyamaza. Kidonda kinapona, unasahau.

Rafiki, kidonda kupona hakumaanishi umepona. Kufokewa kunaisha jioni ile ile. Kama unamwogopa baba, mwambie mama, shangazi, bibi au mwalimu wa zamu. Na wewe mwenye mdogo wako, akija kukuambia mbwa kamng'ata, usianze kwa kumgombeza. Mpeleke bombani.

MCHEZO ULIO SALAMA

Hatusemi usicheze na mbwa. Cheza kwa akili. Mpe kitu kikubwa kuliko mdomo wake, kama mpira wa miguu uliochakaa. Ukianza kuchanika, utupe. Usimzoeze kuvutana nawe kitu mikononi wala kung'ata vidole kwa utani, maana hata jino la mbwa mdogo huchubua. Usimnyang'anye alichokiuma. Mpe kingine abadilishe. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu mbwa hubeba pia mayai ya minyoo.

Na kubwa kuliko yote: mbwa achanjwe kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni Septemba 28, na sehemu nyingi hutoa chanjo siku za karibu na hapo. Usingoje mzee aende. Mfunge mbwa kamba, mpeleke wewe.

JIPIME: KWELI AU SI KWELI?

1. Mbwa mwenye kichaa ni lazima awe mkali.
2. Jeraha la mbwa lioshwe kwa sabuni na maji kwa dakika 15.
3. Mtu akishaanza kuona dalili ndipo aende kuchanjwa.
4. Gunzi ni kitu kizuri cha kuchezea mbwa.

Majibu: 1. Si kweli. 2. Kweli. 3. Si kweli, atakuwa amechelewa. 4. Si kweli.

KAZI YA KIKUNDI

Katika klabu yenu ya afya, ulizeni: ni hospitali gani ya karibu yenye chanjo ya kichaa cha mbwa, na ofisa mifugo wa kata anapatikana wapi? Andikeni majibu kwenye karatasi kubwa, mbandike kwenye ubao wa matangazo. Hakikisheni hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuyasoma.