UFAHAMU NA UFUPISHO: USALAMA WA MTANDAO HAUNA MPAKA

Soma kwa makini kifungu kifuatacho, kisha jibu maswali yote.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ziko mpakani. Kutoka Murongo, wilayani Kyerwa, mtu huvuka Mto Kagera akaingia Kikagati, Uganda. Upande wa magharibi iko Rwanda. Anayevuka mpaka hukaguliwa hati zake. Ujumbe wa simu haukaguliwi na mtu.

Msimu wa kahawa ni msimu wa matapeli pia. Mkulima aliyetoka kuuza mavuno yake hupokea ujumbe: “Ile hela usitume kwenye namba ya zamani, tumia hii.” Mwingine hupigiwa na mtu anayejifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu, akiomba namba ya siri. Jasho la mwaka mzima, ada ya mtoto ikiwamo, huyeyuka kwa dakika moja.

Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Hata hivyo, nguvu ya askari huishia mpakani. Askari wa Kyerwa hawezi kumkamata mhalifu aliye ng’ambo ya mto, na kumbukumbu za simu iliyotumika huko zimo mikononi mwa kampuni ya nchi nyingine. Nchi zisiposaidiana upesi, ushahidi hupotea. Ndiyo maana Umoja wa Afrika ulipitisha Mkataba wa Malabo mwaka 2014, ukaanza kutumika mwaka 2023. Desemba 2024 Umoja wa Mataifa nao ulipitisha mkataba wa dunia dhidi ya makosa ya mtandao.

Lakini mikataba humsaka mhalifu baada ya kosa. Elimu hulizuia kosa lenyewe. Mkulima anayejua kwamba namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, na kwamba ujumbe wa kitapeli huripotiwa TCRA kupitia namba 15040, amekwisha kumfungia tapeli mlango. Kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali
(a) Mwandishi ana maana gani anaposema “nguvu ya askari huishia mpakani”?
(b) Eleza maana ya: (i) jasho la mwaka mzima (ii) ng’ambo.
(c) Elimu inatofautianaje na mikataba katika kupambana na utapeli?
(d) Fupisha aya ya tatu kwa maneno yasiyozidi 30.

Mwongozo wa majibu
(a) Askari hana mamlaka ya kukamata mtu katika nchi nyingine.
(b) (i) Mapato ya kazi ngumu ya mwaka mzima. (ii) Upande wa pili wa mto.
(c) Elimu hukinga kabla ya kosa. Mikataba husaidia kumpata mhalifu na ushahidi baada ya kosa.
(d) Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 haitoshi, kwani ushahidi ulio nje hupotea nchi zisiposaidiana. Kwa hiyo mikataba ya ushirikiano ilipitishwa Afrika mwaka 2014 na duniani mwaka 2024.

Angalizo: Katika (d) usinakili sentensi za kifungu. Tafuta wazo kuu, liandike kwa maneno yako, kisha hesabu maneno.