Shangazi nishauri: Zamu yangu Jumapili, na sina tamasha la kusimulia



Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina miaka 34, nakaa Gasenyi, hapa Bujumbura. Petroli ilipoadimika nilichoka kusubiri basi, nikanunua baiskeli ya mtumba, na baiskeli hiyo ikanipa marafiki. Jumapili alfajiri tunakusanyika kama kumi hivi, tunateremka, tunazungukia Kamenge na Ngagara, tunashika barabara ya Gatumba mpaka Kajaga. Huko tunakaa ufukweni, tunaagiza mishikaki na ndizi, na hapo ndipo yanapoanza yanayonitesa.

Tuna desturi yetu. Kila wiki mmoja analeta wimbo anaoupenda kuliko zote, tunausikiliza pamoja, halafu anasimulia tamasha alilowahi kuhudhuria. Mzee wetu wa msafara alimwona Matata akiimba. Mwingine alicheza mbele ya jukwaa la Kidum mpaka akapoteza kiatu. Yupo hata aliyefunga safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya muziki tu. Jumapili ijayo ni zamu yangu.

Shangazi, sijawahi kukata tiketi ya tamasha maishani. Nimekulia kambi ya Mtabila, Tanzania, nikarudi mwaka 2012 kambi ilipofungwa. Muziki nilioujua ni kwaya, redio, na vijana waliokuwa wakipiga ngoma jioni. Ngoma mbili zilikuwa za mti. Ya tatu ilikuwa debe la mafuta ya msaada lililowambwa ngozi ya mbuzi. Wenzangu hawajui kwamba nilikulia kambini. Nimefikiria kusema nilimwona Kidum Nairobi. Nimetazama video zake nyingi, naweza kueleza hata shati alilovaa. Au nijifanye mgonjwa? Tena wamesema wimbo wangu ndio utafungua safari: spika itafungwa kwa ukanda wa tyubu kwenye usukani wangu tukiwa tunateremka. Nifanye nini?

Mwendesha Baiskeli, Gasenyi

*

Mwanangu,

Usiseme ulikuwa Nairobi. Wapenda muziki wana maswali yao: alifungua na wimbo gani, ulikwenda na nani, mlirudije nyumbani usiku ule? Video haitakusaidia hapo. Na hata ukijibu yote bila kukwama, utakuwa umeficha lako zuri ili usimulie la mwenzako, na kila Jumapili itakubidi ukumbuke ulichodanganya. Baiskeli imekupa marafiki, usiwafanye watu wa kuwakwepa.

Ugonjwa wa kujifanya nao hausaidii kitu. Zamu itarudi.

Sasa sikiliza. Unasema hujahudhuria tamasha, kisha katika barua hiyo hiyo unanieleza ngoma tatu na ya tatu ilitengenezwa kwa kitu gani. Mwaka 1982, wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, huko Shepton Mallet, Uingereza, na watu wakalipa kiingilio kuwaona. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu wote. Wewe uliiona jioni ukiwa mtoto, hatua chache kutoka mahali vumbi lilipokuwa likitimka. Kama hilo si tamasha, basi sijui tamasha ni nini.

Unajua jinsi ngoma zetu zinavyopangwa: inkiranya katikati ndiyo inayoongoza, amashakwe zinashikilia mdundo usiobadilika, ibishikizo zinaifuata inkiranya. Kwa desturi zinachongwa kwa mti tunaouita umuvugangoma. Basi mimi hapa nina hamu ya kujua: vijana wa Mtabila, wenye ngoma tatu tu, waligawanaje kazi hizo? Debe lilipewa kazi gani? Ngozi ilipolegea kwa mvua walifanyaje, waliikausha motoni au waliahirisha? Nani aliruka juu zaidi? Nina hakika mzee wako wa msafara, pamoja na Matata wake, hajawahi kusikia habari ya inkiranya ikiitikiwa na debe la mafuta. Hiyo unayo wewe peke yako mezani pale.

Tena hebu tazama nyimbo ambazo wenzako wanajivunia. Kidum alizaliwa Kinama, hapo hapo jirani na njia mnayopita, akakimbilia Kenya mwaka 1995. Yaramenje, wimbo uliomtambulisha, ulitoka akiwa ugenini. Khadja Nin alitoa albamu ya Sambolera mwaka 1996 akiwa Ulaya, anaimba Kiswahili na Kirundi mbali na nyumbani. Matata mwenyewe alifia Afrika Kusini mwaka 2011. Sehemu kubwa ya muziki tunaouita wetu ilipikwa nje ya mipaka na watu waliokuwa mbali na kwao. Mtoto aliyesikia ngoma kambini hasimami nje ya hadithi hiyo. Yumo ndani yake kabisa, pengine kuliko aliyenunua tiketi.

Na hao waliobaki Bujumbura, usidhani wote walikuwa wakilala kwenye matamasha. Mji huu uliishi miaka mingi chini ya amri ya kutotoka nje usiku, na amri hiyo iliondolewa mwaka 2006 tu. Waliokuwa vijana katika miaka ya tisini walipoteza usiku mwingi wa ujana wao, milango imefungwa, redio imepunguzwa sauti. Katika watu kumi wanaokaa nawe Kajaga, sitashangaa kama wapo wawili watatu wanaoiogopa zamu yao kama wewe unavyoiogopa yako.

Limebaki la kambi, nalo ninalipa uzito, kwa sababu najua maneno ambayo waliorudi wametupiwa, na najua kwamba swali la "ulikuwa wapi" linaweza kuzaa swali la shamba, la kabila, la nani alimkimbia nani. Hulazimiki kumwaga historia ya familia yako ufukweni. Sentensi moja inatosha: "Mimi nilikulia Mtabila, na muziki wa kwanza ulionitetemesha ulikuwa ngoma ya jioni pale kambini." Kisha ingia moja kwa moja kwenye ngoma. Akitokea wa kuchimba zaidi, mwambie, "Kaka, leo tuko kwenye muziki," na uendelee. Mtu mzima ataelewa. Asiyeelewa amekuonyesha alivyo, na hilo pia ni vizuri kulijua mapema. Lakini kama moyo wako haujawa tayari kulitaja jina la kambi, sema tu "nilipokuwa Tanzania." Huo si uongo.

Wimbo wa kupeleka? Kama una wimbo wa kwaya mliokuwa mkiuimba, au mmoja uliousikia Radio Kwizera, ile redio ya Ngara iliyoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, utafute. Usipoupata, wala usihangaike. Piga mdundo wa lile debe kwa viganja juu ya meza, uwaombe wawili wakushikie amashakwe. Mishikaki ikipoa, ipoe.

La spika kwenye usukani nalijibu kwa ukali, mwanangu, kwa sababu hapo naona hatari ya kweli. Kutoka Gasenyi mnakwenda kuungana na barabara ya taifa namba 1, ile ile inayoshuka kutoka Bugarama na malori yake, na waendesha baiskeli waliobeba ndizi na makaa wakija kwa kasi ambayo breki zao haziwezi kuizuia. Kwenye mteremko kama huo masikio ndiyo macho ya nyuma. Unatakiwa usikie lori linapobadilisha gia, usikie honi, usikie mwenzako anapopiga kelele. Muziki karibu na kifua chako utayafunika yote hayo, na vipokea sauti vya kuziba masikio ni vibaya zaidi. Kataa, na uwaambie kwamba ni mimi niliyekukataza.

Na ninyi wenzake, maana najua gazeti hili linapita mikononi mwenu: msiulize tena "uliona tamasha gani." Ulizeni "ulisikia muziki wapi, ukiwa na nani." Halafu Jumapili hii mpisheni kijana huyu aseme mpaka amalize, na spika msiiwashe mpaka mfike Kajaga.