KUMUOSHA ALIYEKUFA NA UKIMWI NA KUMSITIRI ALIYE HAI

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: huweza kutokea, Maramba kama kwengineko pwani, kufa mtu ambaye yasemwa alikuwa na UKIMWI, waoshaji wakarudi nyuma.

Suala: Je, yafaa maiti huyo afanyiwe tayammamu kwa khofu ya maradhi tu?

Jawabu: Haifai. Kumuosha maiti Muislamu ni faradhi ya kifaya. Wakiiacha wote wenye khabari naye, wote wapata dhambi. Tayammamu ni kwa udhuru, kama kukosa maji, au mwili ulioungua ambao ukioshwa utaharibika. Na khofu hii si udhuru, kwani virusi vya UKIMWI havipiti katika ngozi nzima. Njia zake ni jimai, damu, na mama kumwambukiza mwanawe. Muoshaji na avae glovu, na akiwa na kidonda akifunike. Wala hilo si jambo geni: mafakihi wa Kishafii walikwisha kusema kwamba muoshaji azungushe kitambaa mkononi aoshapo uchi wa maiti.

Suala: Na aliyoyaona muoshaji?

Jawabu: Ni amana. Jema alitaje, baya alifiche.

Suala: Na aliye hai mwenye maradhi haya?

Jawabu: Naye apewe sitara hiyo hiyo. Kula naye sinia moja, kupeana naye mkono na kusimama naye safu moja hakuambukizi. Mwenye kupeleleza, "Kayapata wapi?" ameingia katika dhana na udukuzi uliokatazwa katika Suratul Hujurati, aya ya 12. Yuko mke aliyeambukizwa na mumewe, na mtoto aliyezaliwa nayo. Hata aliyekosa, toba yake i baina yake na Mola wake.

Tena dawa hutolewa bure Tanzania tangu mwaka 2004, na mwenye kuzitumia sawasawa hata virusi visionekane katika kipimo, hamwambukizi mtu kwa jimai. Lakini aonapo maiti ya mwenziwe yakimbiwa, hujua naye atakavyofanyiwa. Akajificha, akaacha dawa, akafa. Walionong'ona barazani watajibu nini mbele ya Mungu?

Sheria ya nchi ya mwaka 2008 imekataza kumbagua mtu huyu, na haki ya Muislamu kwa nduguye ilitangulia. Basi ifikapo siku ya kuosha, wazee na wawe wa kwanza kushika kata ya maji, vijana wapate kuwafuata.

Wallahu aalam.