Keitai, Rununu na Simu ya Mkononi: Funzo la Istilahi kutoka Japani

Utangulizi

Mwandishi wa kujitegemea anayetaka kuwaeleza wasomaji wa Gachoka, katika Kaunti ya Embu, habari za vyombo vya mawasiliano vya Japani hukumbana na swali kabla ya sentensi ya kwanza: aandike rununu au simu ya mkononi? Tarakilishi au kompyuta? Swali hili si dogo. Mwandishi wa makala haya, akiwa shule ya upili, alikatwa alama kwa kuandika kompyuta katika insha. Jioni iyo hiyo, alipotaja tarakilishi madukani, hakuna aliyemwelewa. Makala haya yanadai kwamba Wajapani walikwisha kulikabili swali hilo, na jibu lao latufaa.

Njia mbili za Wajapani

Njia ya kwanza ni kuunda. Simu waliiita denwa: den ni umeme, wa ni mazungumzo. Simu ya kubebwa ikawa keitai denwa, kisha wasemaji wakaifupisha kuwa keitai, yaani kubeba.

Njia ya pili ni kutohoa. Kwa kuwa silabi zao, kama zetu, aghalabu huishia kwa irabu, televisheni kwao ni terebi, redio ni rajio, na kamera ni kamera vilevile. Njia hizi hazigombani. Denwa na terebi hukaa sebule moja.

Tuangalie emoji. Mwaka 1999 kampuni ya NTT DoCoMo ilitoa vipicha 176 vya kutumiwa katika ujumbe wa simu. Jina lake ni la Kijapani: e ni picha, moji ni herufi. Neno hilo limeenea duniani kwa sababu watu walikipenda na kukitumia kitu chenyewe.

Hali ya Kiswahili

Sisi pia tunazo njia zote mbili. Simu ni neno la mkopo kutoka Kiajemi, na leo hakuna anayelitilia shaka. Rununu lilikuwa na maana ya uvumi kabla ya kupewa maana mpya. Tarakilishi limejengwa kwa tarakimu na akili. Maneno haya hayana kasoro. Kasoro ni kuyafungia katika karatasi ya mtihani, yasitoke kwenda sokoni.

Hitimisho

Mwandishi na atumie tarakilishi, aieleze mara ya kwanza kwa kompyuta, kisha aendelee bila kuyumba. Mwalimu naye asimwadhibu mwanafunzi kwa neno ambalo jamii nzima inalielewa. Nasi wanachama tuandike habari za teknolojia, ziwe za Japani au za kwetu, kwa Kiswahili kinachosomeka. Istilahi huishi kwa kutumiwa. Orodha peke yake haiipi uhai.